Kinoo Juu ya Mtungi

Usisifu wembe ukasahau kinoo. Ndiyo, nimesema mimi, na nimemwambia Rukia mbele ya wageni wake. Mmeguna wote. Mnadhani bibi kamwonea wivu mjukuu aliyefaulu mtihani? Lo! Sogeeni hapa, na wewe Shaibu, weka hiyo simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kinyozi hapa hapa Korogwe, jina lake Semboja. Alirithi kwa baba yake wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na vinoo viwili. Kimoja kilikuwa cha kukwaruza, kinakula chuma upesi. Cha pili kilikuwa jiwe jeusi la mtoni, laini kama sabuni. Marehemu baba yake alikuwa akianza na kile cha kwanza, kisha anakaa na lile jeusi muda mrefu, analilowesha maji na kuupitisha wembe polepole bila kukandamiza. Semboja hakuwa na subira hiyo. "Jiwe gani hili? Halinoi, linateleza tu!" Akalitupa uani. Mkewe, Mwantumu, akaliokota, akaliweka juu ya kifuniko cha mtungi, paka wasije wakaufunua.

Miaka ikapita. Wanaume walinyolewa, wakatoka mashavu yanawawasha, wakanyamaza. Mwanamume gani atalia kwa ajili ya ndevu? Wembe wenyewe wakausifu, maana ule mpini uling'aa kweli.

Basi jirani yao mmoja, Zaina, akajifungua. Alikuwa amezika watoto watatu, maskini, hakuna hata mmoja aliyefikisha siku arobaini. Huyu wa nne alifikisha. Siku ya kunyoa nywele za uzazi akamleta uani kwa Semboja, kampakata, na watu wake nyuma.

"Kaka Semboja, nakuheshimu," alisema. "Lakini nikiona tone moja la damu kichwani mwa mwanangu, naondoka naye. Moyo wangu hauna nafasi tena."

Semboja akaujaribu wembe kwenye ugoko wake mwenyewe. Ukakwaruza, damu ikatoka. Akaunoa kwenye kinoo chake, akakandamiza kwa nguvu zote. Akajaribu tena, damu tena. Jasho likamtiririka. Zaina akaanza kumfunga mtoto kanga.

Hapo Mwantumu akainuka, akaliondoa lile jiwe juu ya mtungi, akalisuuza, akampa mumewe.

"Mume wangu, baba mkwe hakuwa mjinga. Kile cha kwanza kinaacha meno kwenye wembe. Hili linayaondoa."

"Kumbe ulilitunza?"

"Ulilitupa wewe. Mimi nilikuwa na paka."

Semboja akalipokea jiwe. "Dada Zaina, nisubiri, tafadhali." Akaanza kunoa kama alivyomwona baba yake akinoa, mkono mwepesi, uzito ni wa wembe wenyewe, anaugeuza, anaongeza maji. Ile sauti ya kukwaruza ikafifia mpaka ikaisha. Watu wa Zaina walipiga miayo, wengine wakanung'unika, yeye hakuinua kichwa. Alipoujaribu tena ugokoni, vinyweleo vilianguka na ngozi ikabaki kavu.

Mtoto alinyolewa kichwa kizima akiwa amelala. Hakuna tone. Zaina akalia kwa furaha. "Jamani, wembe huu! Mungu aubariki wembe huu!"

"Usisifu wembe ukasahau kinoo," Semboja akamjibu. "Na kinoo chenyewe mimi nilikitupa. Aliyekiokota ni huyu." Akamshika mkewe mkono mbele za watu, na enzi hizo hilo halikuwa jambo dogo.

Toka hapo, kila mavuno Zaina alipeleka mahindi ya kwanza kwa Mwantumu, na aliyetumwa kuyabeba ni mtoto yule yule. Najua yalivyokuwa mazito, kwa sababu niliyabeba mimi.

Hamniamini? Rukia, nivue kilemba. Papasa kichwa hiki. Umepata kovu? Hulipati hata utafute mpaka kesho. Nashukuru kila ninapochana nywele.

Haya. Mwalimu wako yule wa darasa la tatu, aliyekuwa akikuambia "rudia tena" mpaka ukarudi nyumbani unalia, yuko nje kwenye benchi, na hakuna aliyempa hata chai. Nyanyuka. Mpelekee sahani kwa mikono yako miwili. Usisifu wembe, mjukuu wangu, ukasahau kinoo.