Selotepu ya Kwapani

Wahenga walipokataza watu kuwatukana wakunga, walikuwa wanawaonya wenye midomo mirefu kuliko akili: usimkebehi leo mtu ambaye kesho utabisha hodi kwake. Asukile, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni karibu na Igowole, wilayani Mufindi, aliijua methali hiyo kwa moyo na kuikiuka kila siku.

Asubuhi za Mufindi ni baridi kama pua ya mbwa. Frida, mchoraji hodari wa klabu ya sanaa, alikuwa na desturi ya kutembea na selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi wa magari, ameibana kwapani.

"Dada Frida, homa imefika ngapi?" Asukile alimdhihaki mbele ya darasa zima. "Au unaatamia? Tukuletee na jogoo?"

Darasa likavunjika mbavu. Frida alitabasamu tu, akaendelea kuatamia.

Wiki hiyo Mama Apolonia, mlezi wa bweni, alikuwa anastaafu. Ndiye aliyemuuguza Asukile alipopatwa na malaria, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Asukile akaapa kumchorea picha ya milia ya njano na buluu, iliyonyooka kama shuka anazotandika Mama huyo. Akabandika selotepu ili kingo za milia zinyooke, akapaka rangi ya akriliki, akabandua. Lo! Rangi ilikuwa imepenya chini ya selotepu na kuchuruzika kama kamasi za mtoto. Akarudia. Ikachuruzika tena. Na sherehe ilikuwa kesho saa nne!

Akamwendea Frida, mpole kama mwanakondoo.

"Dada yangu..."

"Kumbe leo mimi ni dada yako! Umekuja kunipima homa?"

"Nisamehe. Picha ni ya Mama Apolonia."

Frida akaacha kucheka. Akamweleza kwamba baridi huifanya gundi isishike, ndiyo maana yeye huipasha joto kwapani. Kisha, kabla ya rangi mpya, kingo za selotepu hupakwa rangi ileile iliyo chini yake, ili kuziba upenyo, na selotepu hubanduliwa polepole rangi ikiwa bado mbichi.

"Sasa bana mbili, kulia na kushoto, uzunguke uwanja mara tatu," alisema. "Taratibu, mayai yasipasuke."

Asukile akazunguka, shule nzima ikiwika.

Kesho yake Mama Apolonia alipitisha kidole juu ya mstari wa njano, mwanzo hadi mwisho.

"Ni wewe kweli uliyenyoosha hivi? Wewe ambaye kitanda chako kimenishinda miaka mitatu?"

"Nimefundishwa na Frida, Mama. Yule niliyekuwa namcheka."

"Basi mwite," Mama alisema, machozi yakimlengalenga, "niwakumbatie wote wawili."

Ama kweli, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.