Majina Kumi na Moja Ukutani

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, hawakosekani watu wa kusimama mlangoni na kuwahesabu. Mmoja wao alikuwa Osmarino, mwalimu wa jujitsu, mieleka ya kukabana, mjini Manaus, Brazili, mwenye mkanda wa kahawia kiunoni na ulimi mkali kama wembe mpya.

Jumamosi moja asubuhi, ukuta wa ukumbi wa mazoezi ulikuwa umepakwa chokaa. Mama Neide, mwenye ukumbi, alitaka ziandikwe sifa za marehemu mumewe Lindomar, gwiji aliyekaba shingo za watu kama chatu: ubingwa wa jujitsu mara nne, na ushindi mara kumi na moja katika mapambano ya yote ruksa, yale ya ngumi, mateke na kukabana. Brashi alipewa Osmarino kwa kuwa mwandiko wake ulipendeza.

"Ubingwa naandika," alisema. "Hizo kumi na moja siandiki, Mama. Zitatuaibisha. Alipigana na nani? Dereva wa teksi, mwoka mikate, mlinzi wa baa!"

"Na muuza samaki," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Waldecir wa sokoni, mzee wa miaka hamsini na miwili, ameleta samaki wa mchana. Aproni yake ilimeta magamba.

"Mimi ni wa saba, mwalimu. Ukizifuta hizo, umenifuta na mimi. Sina kingine cha kusimulia."

"Ulidumu dakika ngapi, mzee wangu?"

"Dakika? Sekunde hamsini."

Wanafunzi wakaangua kicheko.

"Haya, mmesikia!" Osmarino alisema. "Huyu hata mimi ningemmaliza huku natafuna."

"Basi tafuna." Waldecir alivua aproni na shati. "Ila ni yote ruksa. Ngumi nitazipiga kwa kiganja, nisije nikakuharibia sura hiyo ya harusi."

Osmarino akafanya alichofanya maisha yake yote. Aliketi mkekani, akalala chali, akafungua miguu mpinzani aingie. Katika jujitsu huo ni mtego, aingiaye hunaswa. Waldecir akaingia bila haraka. Mikono ya Osmarino ikatafuta kola ya koti la jujitsu, ambayo hushikwa kumkaba mpinzani, isipate koti wala kola, ila ngozi inayoteleza kwa ute wa samaki.

Paa!

"Hii ngumi," alisema Waldecir. Paa! "Na hii. Na hii ya mwoka mikate."

Kofi la tisa lilipotua, Osmarino aligonga mkeka mara mbili, ishara ya kusalimu amri. Hakuna aliyecheka.

Waldecir akamwinua. "Sasa sikia. Mimi huyu, nikiwa na miaka ishirini na minne na mwili wa chuma, Lindomar alinifikia shingoni kabla sijarusha ngumi ya tatu. Wewe ulitafuta kola. Yeye hakuitafuta."

Osmarino alichukua brashi, masikio mekundu. Aliandika kumi na moja, kisha, bila kuambiwa, akaanza kuorodhesha walioshindwa. Alipofika wa saba akageuka.

"Jina la ukoo?"

"Pantoja. Andika kubwa, nafasi ipo."

Mama Neide aliwabeba samaki, akaenda kuwasha mkaa.

Rangi ilipokauka, alikuja mgeni akauliza wale kumi na moja walikuwa watu gani hasa, mbona hakuna anayewajua. Osmarino alijishika shavu, akamjibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.