Gambusi la Vuai Lililolia Lenyewe

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akinunua sindano majirani huja kuitazama, palikuwa na fundi mmoja jina lake Vuai, mchonga magambusi, zile ala za nyuzi za utumbo. Naye alikuwa fukara wa kutupwa, kwani gambusi moja alilichonga miezi, na aliyelinunua hakununua la pili. Mwenyewe alikuwa akisema, "La kwanza kulichonga lililia kama paka aliyebanwa mkia na mlango. Haya ya sasa mlango umefunguliwa kidogo."

Basi siku moja akapata gogo zuri la mfenesi, akalichonga kwa tezo, shingo na tumbo mti mmoja, akalikwangua ndani. Tumbo likatoka kubwa kupita kiasi, maana mkono ulimteleza, naye kwa kuficha aibu akalipa jina la fahari, akaliita Sultani. Akaliwamba ngozi ya mbuzi usoni, kisha akamwambia mkewe Mize, "Mke wangu, leo nimemwamba Sultani vizuri sana. Na masikio nimemsokota. Shingo bado nene, kesho nitampunguza."

Kumbe Waziri wa Sultani wa mji ule anapita dirishani. Yeye hakujua kuwamba ngozi. Alijua kuamba watu tu, yaani kuwasengenya, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akakimbia hadi barazani, akasema, "Bwana wangu, umri wako uzidi. Vuai amekuamba kwa mkewe, na kesho anakupunguza shingo."

Ikawa Vuai kuletwa na askari, na gambusi lake na vyombo vyake vyote. Alipoeleza maana ya maneno yake, baraza zima likaangua kicheko, wakitazama lile tumbo la mti, kisha la Sultani. Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira.

Akasema, "Ewe Vuai, umenifanya gogo mbele za watu. Sasa nitengenezee gambusi ambalo hukulikatia mti, wala ngozi yake hukuichinjia mnyama, wala utumbo wa nyuzi zake haukutolewa tumboni. Nalo lilie lenyewe, pasipo mkono wa mtu. Ijumaa usiponiletea, tezo lako na patasi zako natupa baharini, nawe hutachonga tena maisha yako."

Vuai akarudi nyumbani mikono mitupu. Mize akamwuliza, "Utafanyaje, fundi?"

"Nitakaa, mke wangu."

"Hiyo kazi huhitaji kufundishwa."

Na kweli. Kuchonga ndiko alikojua peke yake, na hata huko hakujua sana. Akakaa akifikiri mpaka Alhamisi, Mize akamwekea muhogo wa kuchemsha, naye akausukuma kando. "Nikila huu kazi itaharibika."

"Kazi ipi?"

"Hii ninayoifanya."

Mize akaula yeye, akamwona mumewe keshapungukiwa na akili.

Ijumaa, baada ya sala, Vuai akasimama barazani mikono mitupu vilevile. Waziri akacheka puani. "Li wapi gambusi?"

"Ninalo, bwana. Ila sauti yake ndogo. Naomba watu wanyamaze, na Sultani bwana wangu asogee karibu."

Pakawa kimya. Vuai akavua kanzu yake, akabaki na kikoi, akatoa tumbo mbele. Na lile tumbo, lililolala njaa, likanguruma ngurrr, likashuka, likapanda, likamalizia kwa mlio mwembamba.

Vuai akasema, "Bwana wangu, mti sikukata. Ngozi hii sikuichinjia mnyama. Utumbo umo ndani haujatolewa, nami nauombea ubakie humo. Nalo linalia, mkono wangu huu hapa juu. Sauti si nzuri, lakini hata la mti siwezi kulichonga likalia vizuri."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, akaamuru sinia la wali na nyama. Vuai akala, akala, tumbo likatulia. Waziri akainama, akatega sikio, akasema, "Bwana wangu, mbona limenyamaza? Kazi mbovu hii."

"Si mbovu, bwana Waziri. La aina hii likitiwa wali hunyamaza."

Sultani, bado anafuta machozi ya kicheko, akauliza, "Na mjini mwangu, Vuai, wako wengine wenye gambusi kama hili?"

Vuai akalamba vidole. "Bwana wangu, mimi sina sikio la muziki. Lakini nikipita vichochoroni jioni, nasikia taarabu nzima."

Kicheko kikakatika. Sultani akatazama sinia, akatazama tumbo lake mwenyewe, ambalo halijapata kulia tangu azaliwe. Asubuhi yake ghala la mpunga likafunguliwa, na aliyewekwa mlangoni kuwapimia watu ni Waziri, kwa mkono wake.

Vuai akarudishiwa tezo na patasi zake, na pishi za mchele juu. Usiku wa Ijumaa ile Mize akaweka sikio tumboni mwa mumewe, akasikiliza kwa kitambo.

"Kimya," akasema.

"Huzuni, mke wangu. Lilikuwa gambusi langu bora."

"Na lipumzike. Nilikuwa silali."