Mkono Uliopakwa Majivu

Paukwa!

— Pakawa!

Maji na yatulie!

— Yametulia, tukione kilichomo!

Basi mwenye kikohozi na akohoe sasa hivi, maana samaki ninayewaletea hapendi makelele.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa bado wanaamkiana, siku moja ya Alhamisi, jogoo wa pili alipokwisha kuwika, mawingu yakiwa mazito lakini mvua haijadondosha hata tone, mtu mmoja aliyeitwa Semkuya alijitayarisha kwenda mtoni kuvua. Mkewe, Mandia, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na maziwa yalikuwa hayajashuka. Mtoto alivuta, akavuta, akavuta. Hakupata kitu ila kilio chake mwenyewe.

"Mkwe wangu," akaita mama yake Mandia kutoka ndani, "mwanangu anahitaji mchuzi wa kambare, mzito, wa moto. Usiniletee habari za mto. Niletee samaki."

"Nimesikia, mama. Leo samaki atakuja."

"Hata jana alikuwa anakuja. Nadhani amepotea njia."

Semkuya alichukua ufito wake, mshipi wake na ndoana yake, akashika njia.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Mto ulikuwa umekauka, ukabakisha kilindi kimoja chini ya mwamba, penye chemchemi ndogo iliyopitisha maji kidogo kidogo. Samaki wote waliosalia walikusanyika humo, na wavuvi wote waliosalia walikusanyika hapo. Mdiria, ndege mwenye mdomo mrefu kuliko subira yake, alikaa tawini. Fisi-maji, mwenye masharubu na tumbo lisilojua kesho, alikaa mwambani. Semkuya alikaa majanini.

Kwa kuwa maji yalikuwa machache, watatu hao walikuwa wamewekeana adabu. Kwanza, aliyetangulia kuketi ndiye mwenye maji yaliyo mbele yake, na mwenzake hatupi ndoana wala mdomo wala kucha kupita hapo. Pili, mwenzako akinasa, wewe tulia, umwachie nafasi. Tatu, samaki mchanga hapelekwi jikoni, hurudishwa majini.

Adabu hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa fahari ya Semkuya. Hakuna aliyeishika kama yeye. Tena, kwa kuwa samaki ni mtelezi, alifunga kiunoni kibuyu cha majivu. Kabla ya kumshika samaki yeyote alijipaka majivu viganjani mpaka vikakwaruza kama msasa, na aliyeshikwa na mkono ule hakuponyoka.

Siku hiyo alitupa ndoana, akanasa perege mdogo kama jani. Akajipaka majivu, akamshika, akamtoa ndoana, akamrusha kilindini. "Nenda ukakue, umkumbuke aliyekurudisha!" Perege akazama kimya.

Akatupa tena, akanasa ningu mdogo kama kidole. Akajipaka majivu, akamshika, akamtoa ndoana, akamrusha. "Nenda ukakue, umkumbuke aliyekurudisha!" Ningu akazama kimya.

Akatupa mara ya tatu, akanasa mtoto wa kambare, sharubu zake bado fupi. Akajipaka majivu, akamshika, akamtoa ndoana, akamrusha. "Nenda ukakue, umkumbuke aliyekurudisha!" Naye akazama kimya.

"Hawana shukrani hawa," Semkuya akanung'unika.

"Labda hawajui lugha yako," alisema Fisi-maji.

"Ahsante haina lugha, bwana."

Hapo maji yakapandisha kitu cheupe. Kilikuwa samaki mchanga, tumbo juu, amekufa. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Mgongoni mwa kila mmoja palikuwa na ukungu mweupe kama pamba.

"Fisi-maji!" Mdiria akapiga kelele. "Umewatia kucha watoto wa watu!"

"Mimi? Ninachokikamata nakimaliza. Uliza tumbo langu, ndilo shahidi. Wewe ndiye unayedonoa na kuacha!"

"Mdomo huu umeacha nini tangu uote?"

"Umeacha adabu!"

Mdiria akashuka tawini, Fisi-maji akatoa kucha, na vita vingekuwapo lau Semkuya asingesimama katikati.

"Aibu, waungwana! Mbona hamwigi mfano wangu? Mimi nawarudisha wakiwa hai."

Kabla hawajamjibu, maji yalifunguka, akatokea Bibi Kambare. Kichwa chake kilikuwa kipana kama sinia, na sharubu zake zilifika mbele yake kabla yeye hajafika.

"Hamjambo, wavuvi?"

"Hatujambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuaga. Mvua ya kwanza ikishalowesha majani, nitawatoa jamaa zangu wote wanaojua kutambaa, twende kinamasini ng'ambo ya kilima. Wasiojua kutambaa, Mungu yupo. Kilindi hiki kinaua."

Masharubu ya Fisi-maji yalilegea. Mdiria alifumba mdomo, jambo ambalo halijapata kuonekana. Semkuya akatazama mawingu, akayaona yameshuka hadi mgongoni mwa kilima. Na ndani ya sikio lake akamsikia mwanawe akilia.

"Bibi, ukiondoka mwanangu atanyonya nini?" alisema. "Nami kila siku nawarudisha watoto wako. Hii ndiyo ahsante?"

"Kumbe ndiye wewe unayerudisha?"

"Ndiye mimi."

"Lete mkono."

Semkuya akanyoosha mkono. Bibi Kambare akaugusa kwa ncha ya usharubu, akaurudisha upesi kama aliyegusa kaa la moto.

"Sikiliza, Semkuya. Samaki huzaliwa amevaa. Nguo yake ni ule utelezi unaokuudhi. Ndio unaomkinga na ukungu, ndio unaomkinga na vidonda. Wewe humkwangua kwa majivu, humpokonya nguo yake yote, ukamrudisha uchi, ukamrusha kama jiwe, kisha ukadai ahsante. Watatu wa leo nimewalaza kwenye tope. Kama watapona, sijui."

Semkuya aliwatazama wale weupe waliokuwa wakielea, akawatambua: huyu wa juzi, huyu wa juzi, huyu wa jana. Kila mmoja alikuwa amemwambia nenda ukakue.

"Bibi," alisema mwisho, "nimewaua, na juu yake nikajisifu. Nifundishe."

"Taya langu lina ndoana ya kale. Imekaa misimu na misimu. Nikila inachoma, nikilala inachoma. Itoe. Ukiweza kunishika pasipo kunivua nguo, tutabaki. Usipoweza, njia yetu ni ile."

Semkuya aliuacha ukingo wa kilindi, akashuka chini, maji yanapotoka kilindini, asije akawapelekea samaki majivu yale. Akasugua viganja kwa mchanga, akavisuuza, akavisugua, akavisuuza. Kibuyu akakizika. Kisha akarudi, akaingia majini hadi magotini, akalowesha mikono mpaka viwikoni, akaipitisha chini ya tumbo la bibi, taratibu, bila kugusa matamvua anayopumulia.

Bibi akateleza. Akampakata tena; akateleza. Mara ya tatu hakumbana, alimbeba tu kama anavyobebwa mtoto mchanga, na bibi akatulia.

Hapo ndipo Mdiria alipomshukia sikioni. "Wewe! Unajua ulichokibeba? Huo ndio mchuzi! Mzito, wa moto! Mtupe majanini, mambo yamekwisha!"

Fisi-maji naye akanong'ona: "Sisi hatukuona kitu, jirani."

Samaki yule angetosha chungu cha nyumba yake hata wiki. Nyumbani palikuwa na kinywa kidogo kikivuta, kikivuta, kikivuta. Tone la kwanza la mvua likamwangukia shingoni.

"Amenipa mwili wake niushike," alisema Semkuya. "Nikimla leo, nitakuwa nimekula na neno langu."

Akaishika ndoana kwa vidole viwili, hakuivuta. Aliirudisha kwa njia iliyoingilia, polepole, mpaka ikatoka. Kisha akamwelekeza bibi kichwa kwenye chemchemi, akamtegemeza tu, akasubiri. Matamvua yakafunguka, yakafumbika, yakafunguka. Hakumsukuma wala hakumrusha. Bibi Kambare akaondoka mwenyewe, kwa nguvu zake mwenyewe, na Semkuya akainama akasema: "Ahsante, bibi."

Mvua ikanyesha. Majani yakalowa, yakalala. Wavuvi watatu wakayakodolea macho, wakingoja kuona migongo myeusi ikitambaa. Hakutambaa mtu.

Sauti ya bibi ikatoka kilindini: "Semkuya! Chini ya mwamba, upande wa kivuli, lipo dume moja zee la kambare linalokula mayai yetu na wajukuu zetu. Sisi limetushinda."

Fisi-maji akasogea mwambani kumpisha. Mdiria akarudi tawini, akatulia. Semkuya akatupa ndoana kivulini. Dume likameza, likavuta, ufito ukapinda kama upinde. Likavuta, Semkuya akalegeza. Likachoka, Semkuya akalileta. Alilipiga kichwani pigo moja tu, lisiteseke, akalishukuru, akalipasua, akalisafisha, akalifunga kwa majani mabichi ya mgomba, akarudi nyumbani.

"Pua yangu imeamini kabla ya macho," alisema mama mkwe, akifukua moto. Mchuzi ukachemka, mzito. Mandia akanywa, akatoka jasho, akanywa tena. Na kabla jua halijazama maziwa yalishuka. Mtoto akavuta, akameza. Nyumba nzima ikanyamaza kusikiliza mmezo ule.

"Ahsante, baba mtoto," alisema Mandia.

"Si yangu, mke wangu. Ya kwangu nimeiacha mtoni, na kesho nitapeleka nyingine."

Na kweli, asubuhi Semkuya alikwenda kilindini bila ufito wala ndoana, akaketi majanini, akawaamkia wote mmoja mmoja. Tangu siku hiyo, anayefika kuvua pale hulowesha mikono kwanza, kisha ndipo hufungua mshipi. Na mgeni asiyejua huambiwa kwa upole, maana hata mwenyeji alikuwa hajui.

Enyi mnaonisikiliza, hilo ndilo funzo: wema usioupima mwilini mwa unayemtendea waweza kuwa jeraha, basi kabla ya kudai ahsante, utazame mkono wako.

Hadithi yangu nimeivua, nimeipika, nimeipakua. Iliyowapendeza wagawieni jirani. Isiyowapendeza nirudishieni majini, ila mikono iwe imelowa. Nami jioni ile nilikuwa nikipita njia karibu na jiko lile. Walaji walikuwa watatu, nyama ilikatwa vipande vinne. Kilikokwenda cha nne msiniulize.