Mshika Kamba wa Kidundu

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mmemsikia mjomba wenu akimwambia Zuhura maneno hayo sasa hivi, naye Zuhura akanuna akidhani anasemwa. Simlaumu. Asubuhi alikwenda kuomba kazi kwenye duka la simu, akarudi saa nne na jibu kwamba hajachangamka, na hilo ni duka la tatu. Basi sogezeni mkeka huku, na wewe Zuhura uache kujifuta macho kwa ushungi, ni mpya huo. Mmeuliza msemo ulitoka wapi na mimi nitawaambia, ila asinikatize mtu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla ya mabomba na mashine za maji, palikuwa na mji ukiitwa Kidundu, mwendo wa nusu siku kutoka pwani. Humo aliishi kijana mmoja, Kibwana, pamoja na mama yake mjane, Mwanahawa, aliyekuwa akisuka mikeka. Kibwana hakuwa bubu wala mjinga. Alikuwa mtu wa maneno machache, basi. Ukimsalimu atakuitikia, lakini ukimwuliza jambo atalifikiria kwanza, na akishapata jibu wewe umeshafika sokoni.

Enzi hizo, kama sasa, kazi za kuanzia zilikuwa za mdomo. Alianza na kahawa. Sasa muuza kahawa hauzi kahawa peke yake, anauza na habari: nani kaposa, nani kaachwa, mvua imenyesha wapi. Kibwana alimimina, akangoja, akakusanya vikombe, akaenda zake. Siku ya tatu wazee wa barazani walimwambia kahawa yake ni nzuri, lakini bila habari inanyweka kama dawa.

Akapelekwa kwa jumbe, mkuu wa mji, awe mpiga mbiu. Alilipuliza baragumu vizuri kuliko wote waliomtangulia, mji mzima ukakusanyika. Kisha akasimama mbele ya watu akiwatazama, nao wakimtazama, mpaka jumbe akatoka ndani kusema mwenyewe alilotaka kusemewa. Akajaribu pia kwa dalali wa mnadani. Huko hata asubuhi moja hakuimaliza.

Watu walicheka, na mimi ningecheka. Mama yake hakucheka. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, akawa anasuka kwa kupapasa, na mkeka wa kupapasa huenda upande. Alijua, na Kibwana alijua, kwamba ukungu ule ukifunga kabisa kabla kijana hajapata kazi, watakula kwa kuomba.

Ndipo ikasikika kwamba Fundi Chande, mchimba visima, anatafuta mshika kamba.

Wachimba visima wa upande ule walikuwa na mwiko wao. Waliamini kwamba chini ya ardhi kuna wenyeji, na wenyeji hao wakilijua jina lako hawakuachii. Kwa hiyo mtu akishashuka shimoni jina lake halitajwi, na mshika kamba anayekaa juu, mdomoni mwa kisima, hafungui kinywa tangu kazi inapoanza hadi inapokwisha. Walisemezana kwa kamba ya ndoo. Mvuto mmoja, pandisha. Miwili, teremsha. Mitatu, nitoe. Na jina likitajwa kwa bahati mbaya, wote walio shimoni hupanda papo hapo, na kisima hakiingiwi mpaka kisomewe dua.

Washika kamba watano walikuwa wameshafukuzwa. Mmoja wao alipiga chafya, akasema Alhamdulillahi, akaambiwa aende zake na baraka zake.

Kibwana alipofika, Fundi Chande alimwuliza, “Wewe unaweza kukaa kimya?”

Kibwana akafikiri. Fundi akangoja, akangoja, mwisho akacheka. “Njoo kesho,” akasema.

Siku ile Mwanahawa, ambaye hakuweza tena kuuona vizuri uso wa mwanawe, aliupapasa akaukuta unatabasamu. Kwa mara ya kwanza palikuwa na kazi iliyomtaka awe vile alivyo.

Visima vya zamani vya Kidundu vilikuwa vimekauka, na mji ulikuwa na kiu. Kisima kipya kilichimbwa upande wa kaskazini, mahali palipokuwa hapajengwi wala hapalimwi, na ukiuliza kwa nini, kila mtu anakwambia alipakuta hivyohivyo. Walioshuka walikuwa wawili, fundi mwenyewe na mchimbaji wake, Mbega. Walipofika pima saba kwenda chini wakakuta jiwe jeupe, gumu, limetanda kote. Hapo ndipo kubisha kulipoanza.

Ta. Ta. Ta.

Mbega alisimamisha mtaimbo akidhani ni mwangwi wake. Kule kubisha hakukusimama. Kulitoka chini ya nyayo zao, polepole, kwa mpango, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu na hana haraka ya kufunguliwa.

Fundi Chande alikuwa mkongwe wa kazi, akajua la kufanya. Alifukiza ubani, akanyunyiza marashi, akaweka sahani ya halua kandokando ya kisima. Halua ililiwa na sisimizi. Kubisha kuliendelea siku ya pili, na ya tatu, na ya nne, mchana kweupe, jua likiwaka na watu wakipita na mizigo yao.

Kibwana alikuwa akijilaza kifudifudi, sikio juu ya jiwe la ukingo wa kisima, kamba mkononi. Kwa siku nne alikisikiliza kile kishindo mpaka akakizoea kama unavyozoea kikohozi cha jirani. Kilikuwa kikiharakisha adhuhuri na kupoa laasiri. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuulizwa na kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kutosema.

Siku ya tano, adhuhuri, fundi na Mbega walikuwa wamepanda, wamekaa kwenye kibanda cha makuti wanakula muhogo. Ndoo ilikuwa imebaki chini, imetulia juu ya jiwe. Kamba ikavutwa mkononi mwa Kibwana. Mara tatu.

Akaitazama kamba. Akawatazama wale wawili, midomo imejaa muhogo. Hapakuwa na mtu chini. Kamba ikavutwa tena, taratibu, mara tatu. Nitoe.

Nywele zilimsimama, nawaambieni. Lakini alikuwa kijana wa kutazama vitu, na alichokiona kilimtisha kuliko ule mvuto. Alikuwa amefunga fundo kwenye kamba kuonyesha kina, na asubuhi lile fundo lilikuwa sawasawa na gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima. Sasa lilikuwa limeshuka shibiri nzima, na hakuna aliyekuwa amechimba. Akapandisha ndoo. Ilikuwa tupu, baridi, na kitako chake kimelowa.

Akamwendea fundi, akamwonyesha fundo kwa kidole, kisha kitako cha ndoo.

“Kamba mpya hunyooka,” Fundi Chande akasema. “Na huo ni umande wa jiwe. Maji yako karibu.”

Kamba haikuwa mpya. Ilikuwa ya mshika kamba wa kwanza, imeshanyooka siku nyingi. Kibwana alilitafuta neno la kumwambia hivyo, na alipolipata fundi alikuwa ameshashuka.

Siku ya sita, asubuhi, kubisha kukakoma.

Fundi Chande alifurahi sana. “Wenyeji wamepokea,” aliwaambia watu. “Wametupisha.” Habari ikazagaa mjini, na kabla jua halijapanda vizuri watu walikuwa wamejaa pale na mitungi yao, wanawake wakiimba, watoto wakisukumana wapate kuchungulia. Fundi na Mbega wakashuka.

Kibwana akalaza sikio juu ya jiwe.

Kimya alikuwa amekizoea. Alikijua kimya cha msikiti uliotoka watu, na kimya cha mama yake anapolia bila kutaka asikike. Hiki hakukijua. Hakikuwa kimya cha kitu kilicholala. Kilikuwa cha kitu kilichoshika pumzi.

Akainua kichwa, akachungulia chini. Mbega alikuwa akipiga jiwe. Kibwana aliuona mtaimbo ukipanda, akauona ukishuka, akaviona vijiwe vikiruka, na hapakuwa na sauti. Alidhani masikio yake yameziba. Lakini nyuma yake aliwasikia wanawake wakiimba, akamsikia mtoto akililia muwa. Ni kisima peke yake kilichokuwa kimemeza sauti yake, na watu wawili wamo ndani.

Akavuta kamba kuwaashiria. Ndoo ikacheza, Mbega akaisukuma kando kwa mguu na kuendelea. Ishara zote za kamba zilikuwa za mtu wa chini kumwambia wa juu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba wa juu naye anaweza kuwa na la kusema.

Wajukuu zangu, hapo ndipo alipokwama. Akifungua kinywa, kazi imekwenda, na nyingine kwa mtu kama yeye haipo. Alimwona mama yake akipapasa ukili. Aliwaona wazee wa barazani wakicheka. Tena asingesema tu, angeyatia majina ya watu masikioni mwa hao wa chini, waliokuwa wakibisha tangu siku ya kwanza.

“Chande bin Mwalimu,” akasema.

Sauti ilitoka ndogo na kavu. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akaacha kuimba, mwingine akafuata, na nyimbo zikafa moja moja mpaka pale pote pakawa shwari. Kibwana akameza mate, akasema tena kwa nguvu.

“Chande bin Mwalimu. Mbega bin Tabu. Tokeni.”

Kule chini fundi akainua uso. Mdomo wake ukaenda, ngumi ikatikiswa, na hakuna neno lililofika juu. Kibwana hakuhitaji kulisikia.

“Najua, kazi sina tena,” akasema. “Nifukuze, fundi. Lakini njoo unifukuzie huku juu.”

Majina yalikuwa yameshatajwa, na mwiko ni mwiko. Wakapanda kwa vishimo vya miguu vilivyochongwa ukutani, Mbega mbele, uso umempauka, na fundi nyuma yake kwa kasi ya mtu mwenye hasira. Alipofika juu hakuvuta hata pumzi. Alimkamata Kibwana shingoni mwa kanzu, akamburura hatua ishirini, mbali na kisima, na watu wote wakawafuata wapate kuona.

“Umetutaja.”

“Ndiyo, fundi.”

“Na jina la baba yangu umelitaja.”

“Ndiyo, fundi.”

“Kwa nini?”

Kibwana akafikiri. Fundi alikuwa na hasira nyingi hata maneno yamemwishia, kwa hiyo akangoja, na mji mzima ukangoja naye. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na upepo, hata yule mtoto alikuwa ameacha kulia. Jibu likaja kutoka kwingine.

Mshindo ule ulisikika hadi pwani. Ardhi ilizama pale pale mbele yao. Gogo la kisima, kamba, sahani ya halua, rundo lote la udongo, vyote vikaenda chini kwa pamoja, na vumbi likapanda likafunika jua. Watu walianguka kifudifudi wakitoa shahada. Vumbi lilipotua, palipokuwa na kisima palikuwa na shimo la upana wa ua wa nyumba, na huko ndani, mbali sana, maji yalikuwa yakitembea gizani.

Mafundi wa siku hizi watawaambia palikuwa na pango, na dari lake lilikuwa likidondosha vijiwe, ta, ta, ta, na vilipokwisha vya kudondoka likabaki linaning'inia. Huenda. Mimi si fundi wa mawe. Ila hawajanieleza kwa nini kamba ilivutwa mara tatu, kisha tatu tena, wala sauti ya mtaimbo ilikwenda wapi.

Kibwana alirudi nyumbani, akaketi karibu na mama yake, akamwambia, “Mama, nimetaja majina, nimefukuzwa.” Mwanahawa aliendelea kusuka, machozi yakidondokea ukili.

Ilipofika laasiri wakasikia hodi. Alikuwa Fundi Chande, bado na vumbi kichwani.

“Karibu, fundi,” Mwanahawa akasema. “Kama umekuja kwa ajili ya majina, mwanangu ameshaniambia. Nilaumu mimi niliyemlea.”

“Nimekuja kwa ajili ya jina lililobaki, mama,” fundi akasema. Akakaa chini bila kungoja mkeka. “Mimi na Mbega tumeshajulikana huko chini, hatutashuka tena maisha yetu. Nitatafuta wachimbaji wengine. Na mwanao hawezi kushika kamba tena, ameshasema. Lakini majina aliyoyataja ni yetu, lake hakulitaja. Namtaka awe mtu wa kulaza sikio juu ya jiwe kila asubuhi, kabla hajashuka mtu yeyote, aniambie kama tushuke au tusishuke.”

Mwanahawa akaacha kusuka. “Kazi hiyo ina maneno mengi?”

“Neno moja kwa siku, mama.”

Kisha akamgeukia Kibwana. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki usoni kilikuwa woga. “Niambie, baba. Kubisha kulipokoma mimi nilifurahi. Miaka thelathini niko kwenye visima, na nilifurahi. Wewe uliogopa. Kwa nini?”

Kibwana akafikiri. Safari hii hakuna aliyemharakisha.

“Kimya kilikuwa kingi, fundi,” akasema. “Kingi kuliko shimo lenyewe.”

Fundi Chande aliishi miaka mingi baada ya hapo, na visima vyake hadi leo vingine vina maji. Kila alipofika kwenye kisima kipya alinyamazisha nyimbo, akawasimamisha watu mbali, akamngoja Kibwana ainuke. Siku kishindo cha chini kilipokuwepo, alisema tushuke kwa hadhari. Siku kilipokoma alikusanya vyombo vyake akaondoa watu, na wageni walipomwuliza vipi anakimbia shimo lililotulia, aliwajibu kwa uchache, maana naye alikuwa amejifunza: kimya kingi kina mshindo mkuu.