Asubuhi ya Kurumbiza

Ukisikia ndege, mshukuru aliyenyamaza. Methali hiyo mmeisikia leo kwenye sherehe ya Sifaeli, mjomba wake aliposimama na badala ya kumsifu kijana kwa kufaulu, akamgeukia mama yake. Mkapiga makofi kama watu wote, na sasa mnaniuliza maana yake nini. Afadhali mmeuliza. Wapo wanaopiga makofi mpaka wanazeeka bila kujua walichoshangilia. Vuteni ungo huo tuchambue maharage huku nasema, maana mdomo na mikono havigombani. Maneno hayo yalizaliwa huku huku kwetu milimani, Upare, enzi za wazee wa wazee wetu.

Siku hizo hapakuwa na redio ya kumwambia mtu mvua inakuja lini. Palikuwa na kurumbiza, yule ndege mdogo wa manjano. Kiangazi chote anakaa juu msituni, humwoni wala humsikii. Masika yakikaribia anashuka mpaka ukingo wa msitu, anaimba asubuhi chache tu kabla jua halijatoka, kisha anakwenda zake. Watu wakimsikia, wanapanda. Aliyepanda kabla yake, mbegu ziliungua na jua. Aliyechelewa, baridi na ukungu vilimkuta maharage yakiwa bado maua, asivune kitu.

Basi kijiji kikaweka zamu. Kila mwaka nyumba moja ilipewa kazi ya kusikiliza. Mwenye zamu aliamka alfajiri, akasimama mwisho wa shamba lake uso ukielekea msituni, akasikiliza mpaka jua litoke. Akimsikia ndege, anapiga vigelegele na kijiji kizima kinajua. Mtasema ni kazi rahisi, kusimama tu. Jaribuni basi ninyi, ambao hata sala ya chakula hamwezi kuimaliza bila kufinyana.

Mwaka mmoja, zamu ilikuwa ya mwanamume mmoja mvivu. Jina lake silitaji, wajukuu zake wapo na ni watu wema. Baridi ilimchosha, akasema amesikia, kumbe hakusikia lolote, alitaka tu kurudi kulala. Watu wakapanda, jua likazimaliza mbegu. Njaa ikaingia kila nyumba bila kupiga hodi. Kila nyumba ikabakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu, kimening'inizwa juu ya moshi wa jikoni, na mama akiona mtoto anakitazama sana anamtuma akachote maji. Mbegu hizo zikipotea, hapakuwa na nyingine.

Mwaka uliofuata zamu ikamwangukia Nakijwa. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, wa kwanza Nanzia, mkali wa maneno lakini mkweli, na watu walifurahi kuwa ni yeye. Mwenyewe hakufurahi. Hakuogopa baridi wala usingizi. Alimwogopa Kiangi.

Kiangi alikuwa mhunzi, na kati ya nyumba zao palikuwa na mstari wa masale tu, yale majani ya kuweka mpaka. Kila alfajiri Kiangi aliwasha moto, akavuta mivukuto, kisha nyundo ikaanza kwenye fuawe, ngo, ngo, ngo, mpaka vibuyu vya Nakijwa vikatikisika ukutani. Kabla ya masika ndipo watu wanapotaka majembe, kwa hiyo wakati huo hakupumzika hata kidogo. Miaka mingi Nakijwa alikwenda kusimama pale kwenye masale na kumsema. "Kiangi, wewe una roho gani? Watoto wanalala!" Kiangi aliinua uso, akatabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima, akaendelea kugonga. Nakijwa akaona anadharauliwa. Mwishowe akaacha kumsalimu kabisa akikutana naye njiani, na mnajua kwetu kumnyima jirani salamu si jambo dogo.

Asubuhi ya kwanza ya zamu, Nakijwa alisimama shambani akasikia nyundo tu. Watu wakamwambia nenda kamwombe Kiangi anyamaze. Akasema, "Nikamwombe mtu anayenichekea usoni?" Kiburi nacho kina gharama zake. Asubuhi ya pili akasimama tena, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akajikaza kusikiliza, na machozi yakaanza kumtoka. Alijua kurumbiza anaweza kuwa anaimba wakati ule ule, na watoto wa kijiji kizima watalala njaa kwa sababu yeye hasikii ila chuma.

Mara kelele zikakoma. Hakugeuka kutazama, alidhani mhunzi amekwenda kunywa maji. Kesho yake kukawa kimya. Siku iliyofuata, kimya. Ndipo asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala shambani, kurumbiza akaimba. Alianza kidogo, kama mtu anayejaribu filimbi, kisha akaachia sauti yote. Nakijwa alipiga vigelegele mpaka koo likamkauka.

Watu walitoka mbio. Wakamkumbatia, wakamwambia Mungu ambariki yeye na masikio yake. Kisha wakaenda kwa mhunzi kuchukua majembe, na huko wakakuta majembe machache mno. Furaha ikageuka.

"Kiangi," mzee Senkoro, mkuu wa ukoo, akamwambia, "kijiji kinakwenda kupanda na wewe ndiyo kwanza una majembe haya? Msimu mzima ulikuwa umelala?"

Kiangi aliwatazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Nakijwa akapenya katikati ya watu. Kando ya fuawe aliona kipande kikubwa cha chuma, cheusi, kimepasukapasuka. Mtu hakai jirani na mhunzi miaka yote hiyo asijue kuwa chuma kikiachwa motoni bila kufuliwa kinaungua, hakifai tena.

"Kwa nini hukukifua hiki?" akamuuliza.

"Ehe?"

Nakijwa akamsogelea, akapaza sauti. "Chuma hiki! Kwa nini ulikiacha kiungue?"

"Kilikuwa kimeiva," Kiangi akasema kwa ile sauti yake kubwa ambayo watu walidhani ni tabia ya wahunzi. "Nikainua nyundo, nikakuona pale shambani umeshika sikio, unalia. Nikakumbuka zamu ni yako. Nikaiweka nyundo chini, na siku zote zilizofuata sikuwasha moto mpaka jua lilipotoka. Chuma nitatafuta kingine, mama Nanzia. Ndege akishapita ndiyo basi."

"Basi na wewe umemsikia leo," Nakijwa akasema. "Umesikia alivyoimba."

Kiangi akacheka. "Mimi? Sijamsikia kurumbiza tangu ujana wangu. Masikio yangu yaliishia kwenye fuawe hii. Hata wewe ukija pale kwenye masale naona mdomo tu unacheza. Najua unanisalimu, nami naitikia kwa kichwa."

Miaka yote ile Nakijwa alikuwa akimtukana, na mwenzake alikuwa akipokea salamu. Aibu ilimshika, akatamani ardhi ipasuke. Lakini hakukimbia, na hapo ndipo ninapompendea. Alikwenda mpaka kwa Kiangi, akalizungushia viganja sikio lake, akaweka mdomo hapo na kumwimbia kurumbiza. Mjane mzima, mbele ya wazee, alimwimba ndege tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kiangi alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Ahsante, mama Nanzia," akasema. "Kumbe bado anaimba vile vile."

Siku hiyo watu walilima kwa kuazimana majembe, mwenye jembe akichoka anampa asiye nalo, na mbegu zote zikaingia ardhini. Mvua ikanyesha. Maharage yalipoiva, kila nyumba ilitoa kidogo kujaza kikapu cha kwanza, ambacho kwa desturi ni cha yule aliyemsikia ndege. Nakijwa alikipokea, akakitia kichwani, akapita mlango wake bila kuingia, akavuka masale na kukiweka miguuni pa Kiangi. Kiangi akakataa, akasema hicho ni cha Nakijwa, kwani yeye mhunzi amesikia nini? Nakijwa akamjibu. Na kwa kuwa ilimbidi apige kelele ili Kiangi asikie, kijiji kizima kilisikia, na watoto wakalishika neno, nasi tunalisema mpaka leo: ukisikia ndege, mshukuru aliyenyamaza.