Kesi ya Bi Harusi na Paka Aliyeacha Kucheza

Kama umesimama, tafuta kwanza pa kukaa. Mimi nilitumiwa habari hii nikiwa kwenye foleni ya maji, na nilipoimaliza nilisahau hata kusogeza ndoo yangu. Naiandika kwa maneno yangu, nawe ukishaisoma mpelekee mwenzako.

Huko milimani Upare palikuwa na mama mjane aliyeitwa Mama Mbazi, kwa jina la mwanawe wa pekee. Tangu mumewe afariki, miaka sita nyuma, hakutaka kitu chochote ndani ya nyumba kiguswe. Kochi lilikaa pale pale alipoliacha marehemu, meza pale pale, kabati la vyombo pale pale. Watu walisema ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi.

Mama huyu alikuwa na paka dume wa miaka kama kumi, jina lake Afande. Walimwita hivyo kwa sababu kila asubuhi alizunguka nyumba chumba kwa chumba kama mkaguzi wa gwaride. Na alikuwa na vituko ambavyo usingevitegemea kwa umri wake. Ukitupa kisoda cha chupa kwenye sakafu ya saruji, kikilia tu, Afande huyoo! Anakirukia, anakipiga teke, anakifukuza hadi mlangoni. Wageni walicheka mpaka wakamwaga chai.

Basi Mbazi akaoa.

Bi harusi aliitwa Namsifu, binti wa tambarare, mtaratibu, mwenye maneno ya kuhesabika. Alikuwa akivua viatu mlangoni na kutembea peku ndani hata siku za baridi. Katika vitu alivyopewa na wazazi wake kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, kilichopendeza kuliko vyote ni kapeti nene la rangi ya damu ya mzee. Wiki ile ile ya kwanza yeye na mumewe walilitandika sebuleni. Ili likae vizuri, kochi likahamia upande wa dirisha, meza ikaletwa katikati, kabati likapelekwa ukuta wa pili. Hata bakuli la paka likahamishwa.

Walimwomba ruhusa Mama kwanza. Mama alijibu, "Haya, wanangu. Nyumba ni yenu."

Kuanzia wiki hiyo Afande akabadilika. Aliacha ukaguzi wake wa asubuhi. Akajichimbia chini ya kabati, anatoka kula kidogo na kurudi. Mbazi alimtupia kisoda, hakugeuza hata sikio. Mwanzoni walitaniana kwamba Afande amestaafu. Lakini siku Namsifu alipoinama kumpapasa, paka alishtuka, akafoka na kumparura mkono ukatoka damu. Siku ya pili vile vile. Baada ya hapo hakuna aliyetania tena.

Na Mama Mbazi naye akajitenga. Kwaya, ambayo alikuwa hakosi, akaacha. Chakula akawa anaomba aletewe chumbani. Ukimwita aje akae na wenzake, anasema kichwa kinamuuma. Mwanamke aliyekuwa akiongea mpaka na kuku wake, sasa alishinda amekaa kitandani ameelekea ukutani.

Jirani mmoja alipokwenda kumsalimia, alimkuta ananawa miguu. Akaona miundi yake imejaa michubuko, ya zamani na mipya.

"Mama Mbazi, nini tena hiki?"

"Nyumba yangu imenigeuka, mwenzangu," alisema Mama, akashusha kanga.

Unajua watu. Sentensi hiyo moja iliingia nyumba ya jirani ikiwa na maana moja, ikatoka ikiwa na tatu. Kufikia Jumapili, nje ya kanisa, ilikuwa imeshakamilika: mkwe anampiga mama mkwe, na amekuja na kitu kwenye sanduku lake ndiyo maana hata paka anamkimbia. Mama Mbazi alizisikia habari hizo. Hakuzikanusha.

Kaka wa marehemu, Baba Mkubwa Kajiru, ni mtu wa sauti kubwa na maamuzi ya haraka. Akaitisha kikao Jumamosi, saa nne asubuhi, sebuleni kwa Mama Mbazi. Walikuja watu tisa wa ukoo. Sanduku la Namsifu lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa mlangoni kabla hata kikao hakijafunguliwa. Mimi hapo ndipo nilipoanza kukasirika, lakini ngoja.

"Mnyama hadanganyi," alianza Kajiru. "Binadamu unaweza kumhonga, paka hahongeki. Paka wa miaka kumi, aliyekuwa anacheza kama mtoto, kwa nini ajifiche siku ile ile huyu anapoingia? Na shemeji yangu kwa nini awe amefungwa mdomo? Na ile michubuko? Binti, leo unarudi kwenu. Kama una neno, sema."

Mbazi, mume mtu, alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Mkewe alimwangalia, akasubiri, akaona hakuna msaada upande huo.

"Baba Mkubwa," alisema Namsifu, "sijamgusa Mama. Paka nimempa chakula tu. Naomba jambo moja. Kabla hamjanirudisha, Afande apimwe. Kama nimempiga au nimemlisha kitu kibaya, mwili wake utaonyesha."

Watu wakacheka. Kajiru alicheka kuliko wote.

"Apimwe paka! Mimi nina ng'ombe wanne, wakiumwa nawapa magadi wanapona. Nani aje apime paka?"

"Nimeshamwita. Yuko nje."

Aliyekuwa nje ni Bwana Mifugo wa kata, mtaalamu wa afya ya wanyama. Usishangae nikikwambia Bwana Mifugo huyo ni mwanamke, jina lake Zulfa. Kazi ndiyo inayoitwa hivyo, na wananchi wamekataa kubadilisha. Alivua viatu mlangoni, akaingia na begi lake, akasalimia wote, akapiga magoti na kumvuta Afande taratibu kutoka chini ya kabati.

Alimpapasa mbavu moja moja. Akamkunjua miguu, akamfunua midomo akaangalia meno, akamnusa masikio.

"Hajapigwa," alisema. "Hakuna mfupa ulioumia, hakuna kidonda, wala dalili ya sumu. Mengine yatahitaji vipimo, lakini kipigo hakuna."

"Basi kalogwa," alisema Kajiru.

Zulfa akainuka. Alimbeba paka mpaka mlangoni penye jua kali, akamgeuza uso juu. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba watu walianza kunong'ona.

"Njooni muone. Paka akiwa kwenye jua, mboni zake zinakuwa nyembamba kama uzi. Za huyu zimetanuka, nyeusi tii, kama yuko gizani."

Akarudi naye katikati ya kapeti, akamkalisha. Akatoa kwenye begi kipande cha pamba.

"Kila paka hufuata kwa macho kitu kinachodondoka mbele yake. Hawezi kujizuia. Natumia pamba kwa sababu haina sauti, asije akanidanganya kwa masikio. Nawaomba wote, hata wewe Mzee, mnyamaze kabisa."

Nyumba ikawa kimya. Zulfa akainua mkono na kuachia pamba. Ikapita sentimita chache mbele ya pua ya Afande, ikatua kwenye kapeti. Paka hakutikisa hata sharubu.

Akaiokota, akaidondosha mara ya pili. Hakuna kitu.

Mara ya tatu. Hakuna kitu. Shangazi mmoja alijiziba mdomo kwa kanga. Mbazi alisimama bila kujua kwamba amesimama. Miaka kumi wanaishi na mnyama huyu, na hakuna aliyewahi kumtazama machoni!

Na hapo ndipo lilipotokea la kutokea. Mama Mbazi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mbele kabisa, hatua mbili kutoka pale paka alipo, alisema kwa sauti ya kuchoka:

"Mwanangu, sasa si udondoshe hiyo pamba tuone? Mbona unatuweka tu?"

Vichwa vyote vikageuka kwake.

Nakwambia aliyenitumia habari hii alikuwepo mle ndani. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Zulfa aliokota pamba, akasogea kwa Mama Mbazi bila viatu, bila sauti, akainua mkono mbele ya uso wake na kuachia. Pamba ikapita mbele ya macho yale mawili, ikatua mapajani. Mama hakupepesa.

"Mbona kimya?" aliuliza Mama. "Jamani, kuna nini?"

Aliyejibu ni Namsifu. Alisema polepole sana.

"Mama, pamba iko mapajani mwako."

Mkono wa Mama Mbazi ulishuka ukitafuta juu ya kanga. Vidole vikaigusa pamba, vikaishika. Mama akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekamatwa.

"Mama, tangu lini?" Mbazi aliuliza.

"Yalianza mwaka juzi, kama ukungu. Nikasema yatapita. Nyumba naijua kwa hatua, saba mpaka mlangoni, nne mpaka jikoni. Nani angejua? Nilipika, nilifagia, hata kanisani nilishikilia nguo ya mwenzangu. Kisha mkaniuliza kama mnaweza kupanga vitu upya. Ningesema hapana, mngeuliza kwa nini."

Zulfa alikaa chini pale pale kwenye kapeti, Afande mapajani. Naye akaeleza, na kila neno lilikuwa linawachoma waliokaa. Paka huyu pia amekuwa akipoteza macho pole pole, pengine kwa muda huo huo. Aliikariri nyumba. Kisoda alikicheza kwa masikio, maana kilikuwa kinalia kwenye saruji. Kapeti lilipokuja, kisoda kikawa bubu. Kochi na meza vilipohama, ramani yake yote ikaharibika, akawa anajigonga, akaona heri abaki mahali pamoja asipoumia. Na Namsifu anatembea peku juu ya kapeti nene, kwa hiyo paka hasikii mtu anakuja, anashtukia tu ameguswa. Angemfokea yeyote.

"Paka mtu mzima akiacha kucheza, nyinyi mnasema kazeeka, au kalogwa," alisema. "Mnyama hawezi kusema anaumwa. Anachoweza ni kujificha tu."

Kajiru aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Na haya macho, yanatibika?"

"Ya paka sidhani, lakini ataishi vizuri mkimwekea vitu vyake mahali pamoja. Ya Mama mimi si daktari wa watu. Apelekwe hospitali Jumatatu, macho ya ukungu mara nyingi husafishwa yakaona. Mmechelewa, lakini mpelekeni."

Mtu angedhani yameisha hapo. Yalikuwa hayajaisha. Mama Mbazi alifuta uso kwa kiganja, akauliza, "Namsifu amekaa wapi?"

Binti alikuja, akapiga magoti mbele yake. Mama akanyoosha mikono, akampata kichwa, akashuka kwenye paji, nyusi, mashavu yaliyolowa machozi, kidevu.

"Huyu mtoto ameingia kwangu nikiwa tayari sioni," alisema. "Miezi minne analala nyumbani kwangu, ananipikia, na uso wake siujui. Nilisikia mnasema mtamrudisha kwao, nikanyamaza. Nilijua hana kosa. Nilisema heri aondoke yeye, vitu virudi mahali pake, kuliko mimi kuambiwa ni kipofu. Mama yangu alipopofuka tulimweka kwenye kona ya jikoni, tukawa tunamkumbuka wakati wa chakula. Mimi ndiye niliyemweka pale."

Sina la kuongeza juu ya maneno hayo. Nimeyasoma mara nyingi na bado yananitisha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mama. "Usiondoke."

Namsifu alifuta machozi. Watu tisa walikuwa wakimtazama, wale wale waliolibeba sanduku lake mpaka mlangoni.

"Sitaondoka, Mama," alisema. "Ila leo, hapa hapa, wakiwa wote, waambie hiyo michubuko umeipata wapi."

Mama Mbazi akapandisha kanga mpaka magotini, mbele ya shemeji zake, jambo ambalo mjane wa kule hafanyi. Akaweka kidole kwenye kila alama, akaitaja moja moja kwa sauti iliyofika mpaka nje kwa majirani: meza, kochi, meza, kona ya kabati, meza.

Funzo: Anayejitenga na kunyamaza, awe mtu au mnyama, huenda anaficha maumivu, mtafutie daktari kabla hujamtafutia mchawi, na kimya chako kisimbebeshe asiye na kosa.